Msikilize Kabla Hujapiga Windows

Ndugu mafundi, walimu na maafisa wa TEHAMA, wauzaji wa mashine za mtumba, makatibu muhtasi na wahasibu mliotenga asubuhi yenu: ahsanteni kwa kufika.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 imefikia mwisho wa kuhudumiwa. Benchi za mafundi zimejaa watu waliohamia Windows 11, wengine kwa kupenda, wengine kwa kushtukia asubuhi skrini imebadilika. Wanakuja na sentensi moja: "Tangu ijisasishe, inazingua." Na fundi, mara nyingi kabla hajaiwasha hiyo mashine, anajibu: "Iache hapo, tutapiga Windows upya."

Leo nazungumzia jibu hilo. Mteja yule ametoa taarifa ya kiufundi. Ametaja tatizo lilianza lini na lilianza baada ya nini, mambo mawili ambayo mhandisi yeyote angeyauliza kwanza. Kupiga Windows upya, yaani kufuta diski na kuisimika Windows tena, ni kuitupa taarifa hiyo, na mara nyingi kazi zake nazo zinakwenda na maji.

Tuanze na mkasa unaojulikana vizuri. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lenye namba 1809. Haukupita muda watu wakaanza kusema kwamba baada ya kusasisha, faili zao za Documents na Pictures hazipo. Usambazaji ukasimamishwa siku chache tu baada ya kuanza. Chanzo kilikuwa hiki. Mtu anaweza kuihamisha folda ya Documents kutoka diski C kwenda D ili kuokoa nafasi. Windows humuuliza kama ahamishe na faili zilizomo. Akikataa, au kama kuna programu inayoendelea kuandika mahali pa zamani, folda ya zamani inabaki C na faili zake. Toleo lililotangulia, la Aprili 2018, lilikuwa likizalisha nakala za folda hizo zikiwa tupu. Watumiaji walilalamika, Microsoft ikaandika msimbo wa kuzifuta, na msimbo huo ukafyeka folda za zamani hata zilizokuwa na faili ndani.

Sikilizeni sehemu inayotuhusu. Watu waliokuwa wakilijaribu toleo hilo kabla halijatoka walikuwa wamekwisha kuripoti kwamba faili zao zimepotea. Ripoti zilikuwepo kwenye mfumo wa kampuni wa kupokea maoni. Hazikupata kura za kutosha, zikazama chini ya malalamiko mepesi yaliyopigiwa kura na wengi. Microsoft ilisema walioripoti kupoteza faili walikuwa kama mmoja katika kila 10,000 waliosasisha. Uchache huo ndio uliozificha ripoti, na uzito wa kilichopotea haukuwa na mahali pa kuandikwa. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba 2018, na mfumo wa maoni ukaongezewa sehemu ya kueleza ukubwa wa tatizo.

Benchi yako, fundi, ni mfumo wa kupokea maoni. Anayesema "rangi imebadilika" na anayesema "mahesabu ya mwaka huu siyaoni" wote wanaanza na maneno yaleyale: inazingua. Kazi yako ni kuwatofautisha kabla hujagusa kitu.

Na siku hizi "siyaoni" ina maelezo ya kawaida kabisa. Windows 11, wakati wa kuiandaa kwa akaunti ya Microsoft, inaweza kuwasha uhifadhi wa OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuweka faili mtandaoni, bila mwenye mashine kutambua. Hapo Desktop, Documents na Pictures zinahamia ndani ya folda ya OneDrive. Mtu akija kuuzima uhifadhi huo, anakuta eneo la mwanzo limebaki tupu na faili zimekaa kwenye folda nyingine. Kwa hiyo bofya kulia Documents, chagua Properties, fungua kichupo cha Location, usome njia iliyoandikwa. Ukiona neno OneDrive katikati, nenda huko. Kisha tazama alama iliyo kando ya kila faili. Alama ya wingu maana yake faili lenyewe liko kwenye mtandao, hapa kuna jina tu. Ukinakili diski hiyo kwa kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, utapata majina bila faili. Unganisha intaneti kwanza, bofya kulia folda nzima, chagua Always keep on this device, usubiri alama zote zigeuke vema la kijani. Na kumbukeni nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5. Ikijaa, faili mpya haziendi tena mtandaoni, na mteja anaendelea kuamini kwamba ana nakala.

Kuna hasira ya aina nyingine, ya kitu kilichoondolewa makusudi. Windows 8 ilipotoka tarehe 26 Oktoba 2012 ilikuwa haina kitufe cha Start. Ili kuzima kompyuta, mtu alisogeza kipanya hadi kwenye kona, akasubiri utepe utokeze upande wa kulia, akaingia Settings, kisha Power. Watu waliozoea kuzima kwa mibofyo miwili walikwama kabisa, na walikuwa na haki ya kukasirika, maana hakuna mahali popote kwenye skrini palipowaonyesha njia. Kitufe kilirudishwa na Windows 8.1 mwezi Oktoba 2013, na menyu kamili ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Malalamiko ndiyo yaliyoirudisha.

Windows 11 nayo, ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilikuja na mapungufu ya namna hiyo. Utepe wa chini haukuweza kuhamishiwa juu wala pembeni. Majina ya madirisha yaliyofunguliwa yalifichwa yakabaki maumbo tu, hadi yaliporudishwa mwaka 2023. Ukibofya kulia juu ya faili, menyu inayotoka ni fupi, na kunakili na kukata viligeuzwa vialama vidogo visivyo na maneno, hadi toleo la 24H2 lilipoyarudisha maneno. Katibu muhtasi anayehitaji amri zilizobaki kwenye menyu ya zamani kwa faili 60 kwa siku analipia mbofyo mmoja zaidi kila faili. Asiambiwe atazoea. Mwonyeshe kwamba Shift pamoja na F10 inaleta menyu ya zamani, na kwamba kushikilia Shift huku anabofya kulia kunaileta moja kwa moja. Utepe wa chini urudishe kushoto: Settings, Personalization, Taskbar, kisha Taskbar behaviors, badilisha upangaji uwe Left. Hapohapo kuna chaguo la kuonyesha majina ya madirisha. Ni dakika tatu, na kwa mtu wa aina hii hizo dakika tatu ndizo tiba yote. Ukimpigia Windows upya atarudi na menyu ileile fupi, safari hii akiwa hana hata alama zake za vivinjari.

Tuje kwenye mashine zenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Mwaka 2006, kabla Windows Vista haijatoka kwa umma mwezi Januari 2007, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na stika iliyosema zinaiweza Vista. Kiwango cha kupata stika kilikuwa RAM (kumbukumbu ya kazi) ya MB 512 na prosesa ya MHz 800. Mashine nyingi za namna hiyo ziliweza toleo la chini tu, Home Basic, bila ule mwonekano wa kioo uliokuwa ukinadiwa kwenye matangazo. Wanunuzi nchini Marekani waliishtaki kampuni.

Wauzaji wa mtumba, naomba mnisikilize kwa moyo mweupe. Mashine nyingi mnazoshusha kutoka Ulaya na Dubai zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu, au prosesa za AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, kasoro chache. Kizazi kinasomeka kwenye namba: i5-4590 ni cha nne, i5-6500 ni cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Inataka pia RAM ya GB 4, diski ya GB 64, uwashaji wa mtindo mpya uitwao UEFI wenye Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Kuna njia za kuyaruka masharti haya, mafundi wote mnazijua, na mashine ya kizazi cha nne itawaka na Windows 11 juu yake. Lakini Microsoft imeandika wazi kwamba mashine kama hiyo haihakikishiwi masasisho. Toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, itabidi mtu alisimike kwa mkono. Mnunuzi asiyeambiwa hivyo amebandikiwa stika ya mwaka 2006. Andikeni kwenye risiti: kizazi cha prosesa, na kama Windows 11 imewekwa kwa kuruka masharti. Mstari mmoja tu wa kalamu.

Upande wa pili wa shilingi, mashine nyingi zinakataliwa Windows 11 ilhali zinaiweza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ukiambiwa chipu haipo, usiamini mara moja. Ingia baiosi, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, utafute Intel PTT, au kwa AMD utafute fTPM. Mara nyingi ipo lakini imezimwa. Kisha andika msinfo32 na usome mstari wa BIOS Mode. Ukiona Legacy, diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na Secure Boot haiwezi kufanya kazi. Hapa ndipo wengi hufuta kila kitu bure. Weka nakala ya kazi za mteja kwenye diski ya nje, chomeka chaja au UPS, maana umeme ukikatika katikati utajuta, kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, uandike amri hii inayopima kama diski inaweza kugeuzwa kutoka MBR kwenda mtindo mpya wa GPT bila kufuta kitu:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Baada ya hapo zima, ingia baiosi, badilisha Legacy au CSM iwe UEFI, ndipo uwashe. Ukisahau hatua ya baiosi mashine itasema haioni diski ya kuwashia, na mteja atajua umeua. Kama /validate imekataa, chanzo cha kawaida ni diski kuwa na sehemu kuu zaidi ya tatu; mara nyingi ipo sehemu ya ziada iliyoachwa na mtengenezaji au na fundi aliyetangulia.

Halafu kuna polepole. Hili ndilo lalamiko ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu linamla mtu dakika kila siku. Diski ya kuzunguka, ile inayonguruma, inaweza kuruka huku na huku kusoma vipande vidogo kama mara 100 tu kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, inafanya hivyo makumi ya maelfu ya mara. Windows mpya zimeandikwa zikidhani una SSD: zinachanganua virusi, zinaorodhesha faili kwa ajili ya utafutaji, zinaandaa masasisho, yote kwa pamoja nyuma ya pazia. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, tazama Disk. Siku ya kwanza baada ya toleo jipya ni kawaida kukaa asilimia 100 kwa saa kadhaa. Iache imewashwa usiku kucha imalize. Ikiwa baada ya siku mbili bado iko palepale, hakuna antivairasi wala programu ya kusafisha itakayosaidia. Nunua SSD ya SATA ya GB 240 au 256, hamishia mfumo mzima humo, na kama RAM ni GB 4 ifikishe 8. Kwa mashine ya ofisi, SSD kwanza, RAM baadaye.

Vya pembeni navyo. Ofisini, sasisho likiingia, lawama ya kwanza huangukia printa. Masasisho ya Septemba 2021 yaliyabana mawasiliano ya kuchapisha kati ya kompyuta na kompyuta, na watu waliokuwa wakitumia printa iliyochomekwa kwenye mashine ya mwenzao wakaanza kupata kosa 0x0000011b. Tiba iliyosambaa ni kubadilisha thamani moja kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) ili kurudisha hali ya zamani. Inafanya kazi, lakini inaufungua tena mlango uliokuwa umefungwa kwa sababu. Afadhali kusasisha mashine zote mbili na kuweka draiva ileile pande zote. Na kama printa ina tundu la kebo ya mtandao, ipe anwani ya IP ya kudumu na kila kompyuta iongee nayo moja kwa moja. Ukifanya hivyo, mashine ya mhasibu ikizimwa ofisi nzima haisimami kuchapisha.

Mashine kubwa za fotokopi zinazotuma skani kwenye folda ya kompyuta nazo hukatika ghafla. Za zamani zinaongea SMB, lugha ya kushirikiana faili kwenye mtandao, toleo la 1, ambayo Windows iliacha kuisimika yenyewe tangu mwishoni mwa 2017. Na Windows 11 toleo la 24H2 ya daraja la Pro inadai kila muunganisho wa kushirikiana faili uwe na saini ya kidijitali. Mashine ya fotokopi haitakuambia hayo. Itaandika tu kwamba imeshindwa kutuma. Muulize wakala wake kama ina programu mpya ya ndani inayojua SMB 2 au 3. Kama haina, tumia skani kwenda baruapepe au kwenye flashi. Kuirudisha SMB 1 kwenye kompyuta ya ofisi yenye intaneti ni kuacha funguo mlangoni.

Bando nalo lina machungu yake. Mtu ameunganisha simu kwenye laptopu atume barua moja, bando la wiki limekwisha. Fungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi, washa Metered connection; masasisho mengi yatasubiri. Kisha kwenye Windows Update zima Delivery Optimization, inayoweza kutuma masasisho kutoka mashine yako kwenda kwa wengine. Kusitisha masasisho kunaruhusiwa hadi wiki tano, na saa za kazi zinaweza kupangwa hadi 18 kwa siku ili mashine isijiwashe upya ukiwa katikati ya mishahara. Kwa shule yenye kompyuta 20, pakua faili la ISO (faili moja lenye Windows 11 nzima) mara moja tu, lina zaidi ya GB 5, uliweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Kwa kila mashine iliyo na Windows 10, iwashe kama kawaida, fungua flashi humohumo, endesha setup.exe na uchague kubakiza faili na programu. Ukiwashia kutoka kwenye flashi, hilo chaguo la kubakiza programu halipo.

Na asiyetaka kuhama asilazimishwe. Mwaka 2016 Microsoft ilipokuwa ikiwahamishia watu Windows 10 bure, dirisha la taarifa lilifikia mahali ambapo kubofya alama ya X hakukufuta miadi ya kusasisha, ilhali kwa miaka yote X ilikuwa na maana ya "hapana". Baada ya makelele waliongeza kitufe cha kukataa. Imani iliyopotea pale bado inadaiwa hadi leo. Mwenye Windows 10 toleo la 22H2 ana mlango halali: masasisho ya usalama ya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Anaingia Windows Update akiwa na akaunti ya Microsoft, anajiandikisha kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo akikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Aliyekwisha kuhamia Windows 11 na kujuta ana siku 10 za kurudi, kupitia Settings, System, Recovery, Go back. Ukifika ndani ya siku hizo unaweza kuzirefusha hadi 60 kwa amri moja ya msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Usisafishe diski kipindi hicho. Folda inayoitwa Windows.old inaonekana kama takataka ya GB nyingi, na ndiyo njia pekee ya kurudi.

Nimeliacha mwisho jambo linalonikosesha usingizi. Windows 11 ya 24H2 ikisimikwa upya, na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski hufungwa kwa usimbaji yenyewe, hata kwenye daraja la Home. Hakuna swali linaloulizwa. Miezi baadaye fundi anabadilisha kitu kwenye baiosi, au anasasisha baiosi yenyewe, na skrini ya buluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo umetunzwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kusimika. Sasa fikirini ni mara ngapi fundi, ili amalize haraka, anaweka baruapepe yake mwenyewe, au anatengeneza ya uongo na kuisahau jioni hiyohiyo. Mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu ndani ya mashine hiyo hatafunguliwa na mtu yeyote. Hakuna programu ya kuvunja kufuli hiyo, na anayeuza moja anauza uongo.

Kwa hiyo kabla hujagusa baiosi ya mtu, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike manage-bde -status. Ikisema diski imesimbwa, andika manage-bde -protectors -get C: na ufunguo utaonekana. Unakili kwa kalamu, mbele ya mwenye mashine. Sitisha ulinzi kwa manage-bde -protectors -disable C: ndipo ufanye kazi yako. Na ukisimika upya, muite mteja aje aandike baruapepe yake na neno lake la siri kwa vidole vyake, hata kama foleni ni ndefu. Kisha muonyeshe ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey, aone tarakimu 48 zenye jina la kompyuta yake, aziandike kwenye karatasi na kuondoka nayo. Karatasi hiyo isibaki dukani.